Matembezi ya majengo ya kale ya Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa waliotupigia simu, waliotuandikia, na wale wanaotusimamisha njiani wakiona kundi la watu wameinua vichwa kutazama paa la duka la viatu. Mengine tumeyajibu kwa mstari mmoja. Mengine yametushinda kufupisha.

Nairobi si mji wa juzi? Hayo majengo ya kale yako wapi?

Ukiilinganisha na Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, Nairobi ni mtoto. Reli ya Uganda ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na kabla ya hapo palikuwa na malisho ya Wamaasai, kinamasi cha mafunjo na mto wa maji baridi. Kwa hiyo usije ukitafuta milango ya nakshi. Utakachokuta ni mji uliojengwa kwa haraka na watu wa reli pamoja na waliowafuata: bohari, karakana, benki, misikiti, hoteli, ofisi za serikali, na safu za vyumba vya wafanyakazi. Mengi bado yamesimama. Yamefichwa tu na mabango ya simu, nyaya na vioo vilivyobandikwa juu ya kuta za zamani.

Nimezaliwa hapa na nimepita Moi Avenue maisha yangu yote. Mtanionyesha nini kipya?

Ghorofa ya pili. Mkaaji wa Nairobi hutembea akitazama chini, akilinda simu, akikwepa mkokoteni na kuruka maji. Hakuna anayeangalia juu. Pita Biashara Street au River Road ukiwa umeinua macho, na juu ya maduka ya nguo na vipuri utaona majina ya familia na miaka ya ujenzi iliyofinyangwa kwenye plasta, nguzo ndogo zenye mapambo, roshani za chuma, na vigae vyekundu vya Mangalore vilivyosafirishwa kwa meli kutoka India. Kule chini duka limebadilisha mwenyewe mara nyingi, lakini juu jina la aliyelijenga halijafutwa.

Wageni wetu wengi ni Wakenya. Kundi lenye maswali makali kuliko yote huwa la wale wanaodai wanaijua taoni.

Kwa nini mnaanzia reli badala ya Kenyatta Avenue, kwenye majengo mazuri?

Kwa sababu bila reli hakuna Kenyatta Avenue. Wahandisi, wakiongozwa na George Whitehouse, walihitaji tambarare ya kupanga mabehewa, kutengeneza injini na kurundika vyuma kabla ya kuanza kupanda kuelekea Limuru na kisha kuteremkia Bonde la Ufa. Hapa, maili 327 kutoka Mombasa, ndipo palipokuwa na ardhi tambarare ya mwisho, na maji yalikuwepo. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka huohuo wa 1899, maofisa wa serikali wakahama kutoka Machakos, na kufikia 1905 mji huu ukawa makao makuu ya utawala wa Waingereza. Walichagua mahali pa kuegesha treni, mji ukaota wenyewe. Ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi ulikuwepo tangu hapo, ndiyo maana nyumba za kwanza za maofisa wa reli zilikuwa za mbao na mabati, zimeinuliwa juu ya nguzo fupi zisiguse unyevu.

Makumbusho ya Reli yalifunguliwa mwaka 1971, na uwanja wake una injini za mvuke ambazo bado unaweza kuzigusa. Kubwa kuliko zote ni namba 5918, iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za aina ya Garratt zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950. Ina uzito wa zaidi ya tani 250, na yote hayo yalikimbia juu ya reli ya upana wa mita moja tu. Tunapenda kumsimamisha mtu mzima kando ya gurudumu lake ili wengine wapate kipimo. Grisi ya zamani imeganda kwenye vyuma vya kuzungushia magurudumu, nyeusi na ngumu kama lami, na bado inachafua suruali. Tumekuonya.

Kuna pia behewa ambalo kila mtoto anataka kuliona: lile la Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyekuwa akimvizia simba katika stesheni ya Kima mwezi Juni 1900. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamtoa nje na kumuua. Kisa hicho ni kitamu kusimuliwa na hatukatai kukisimulia. Hata hivyo tunaona kwamba simba wamepewa nafasi kubwa mno katika historia hii. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga njia hii, karibu 2,500 wakafa, wengi wao kwa maradhi. Kwa hiyo tukitoka kwenye behewa, tunasimama kidogo relini kuwazungumzia wao, pamoja na Waafrika waliobeba, waliochimba na waliofyeka, ambao hesabu yao haikuwekwa kwa uangalifu huo.

Njia ya mjini kati inapita wapi hasa?

Kutoka makumbusho tunaelekea kwenye jengo la makao makuu ya reli, lenye uso mrefu wa mawe na nguzo zilizopangwa sawasawa. Simama mbele yake uone jinsi shirika la usafiri lilivyojijengea kama serikali. Kwa kweli lilikuwa karibu na serikali: lilikuwa na ardhi, nyumba na polisi wake.

Tunakatiza Haile Selassie Avenue hadi bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Watu 213 waliuawa katika mlipuko wa hapa Nairobi. Hapo hatutoi mihadhara. Anayetaka kuingia anaingia, anayetaka kukaa nje anakaa.

Moi Avenue tunasimama kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo la nguzo nene lililokuwa National Bank of India. Tazama mantiki yake: benki ilijengwa hatua chache kutoka stesheni, kwa sababu mzigo ulishukia hapo na pesa zilibadilishana mikono hapo. Leo ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri, iko karibu, mita chache kutoka alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, barabara hii ilipokuwa ingali ikiitwa Government Road.

Mbele kidogo ni msikiti wa Makhoja, wa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wengi wanaujua kama steji tu: “Nishukishe Koja.” Kutoka hapo tunaingia Biashara Street, mrithi wa lile soko la Wahindi lililokuwa la mabati na mbao. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakuu waliamuru soko lichomwe moto. Ukitaka kujua kwa nini maduka yaliyofuata yalijengwa kwa mawe, huo ni mwanzo mzuri wa jibu.

Tunapumzika Jeevanjee Gardens. Uwanja huu ulitolewa kwa wakaaji wa mji na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyepata utajiri kwa kuiletea reli vibarua na vyakula. Mwaka 1991, pakitaka kujengwa ghorofa na maegesho, mjukuu wake Zarina Patel alikuwa mstari wa mbele kupinga, na uwanja ukabaki. Siku yoyote utakuta wanaojadili siasa kwa sauti ya juu, na wahubiri wakishindana nao.

City Market, upande wa Muindi Mbingu Street, ndilo jengo letu pendwa katika njia hii nzima. Nje ni ukuta wa kawaida wa miaka ya 1930, hauvutii sana. Ingia ndani uangalie juu: matao makubwa ya zege yanapanda kutoka pande zote mbili, na kati yake madirisha yamepangwa kama ngazi, hivyo mwanga unashuka hadi kwenye meza za maua na vinyago bila jua kali kuingia. Hakuna nguzo ya katikati inayokuzuia. Wauza nyama watakuita uketi ule; maliza kutazama paa kwanza.

Kisha Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye kuba tatu na minara miwili, na mkabala nao Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan. Simba wawili wa mawe wanalinda ngazi. Maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Fikiria: muumini aliyetoka kuswali Ijumaa alikuwa akivaa viatu vyake akitazama milango asiyoruhusiwa kuingia, ng'ambo tu ya barabara.

Tunamalizia Kenyatta Avenue: sanamu za askari watatu za mwaka 1928, Kipande House, na mwisho kabisa ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa pale Uhuru Highway. Ofisi hiyo ilijengwa 1913. Humo ndimo walimosajiliwa waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Sasa ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa. Hapo pia ndipo panapohesabiwa sifuri ya umbali wa barabara za Kenya, kwa hiyo safari yetu inaishia mahali ambapo nyingine zote huanzia.

Kipande House ina nini cha kusimamia muda mrefu?

Wageni wanaona benki yenye mnara. Ilijengwa 1913 kwa mchoro wa Gurdit Singh, ikatumika kama bohari ya mizigo ya reli, na kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kuliko hilo mjini. Baadaye ndipo wanaume Waafrika walipokuwa wakipangwa foleni kuchukuliwa alama za vidole na kupewa kipande: karatasi ya utambulisho yenye jina la mwajiri na mshahara, iliyowekwa ndani ya kibati na kuning'inizwa shingoni. Bila kipande huwezi kuajiriwa wala kutembea mjini, na ukimtoroka mwajiri, kipande ndicho kitakachokuuza. Benki ilinunua jengo hilo miaka ya 1970, na jina la kipande likabaki.

Tukifika hapo huwa tunauliza kama kuna mtu ambaye babu yake aliwahi kusimulia kuhusu kibati kile. Mara nyingi yupo.

Na njia ya pili, ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji?

Tunaanzia Muthurwa, kwenye kilichobaki cha makazi ya wafanyakazi wa reli. Hizi ni safu za vyumba, mlango baada ya mlango, mfereji wa maji na choo vya pamoja. Pima chumba kwa hatua zako mwenyewe na ukumbuke kilikusudiwa mwanamume aliyeacha mke na watoto kijijini, kwa sababu serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika ajione mkaaji wa mji. Alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda. Mpango huo unausoma ukutani bila kufungua kitabu: hakuna jiko, hakuna chumba cha pili, hakuna ua wa kulea mtoto.

Kutoka Muthurwa tunaelekea Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wanaofanya kazi nje bila karakana. Sauti utaisikia kabla hujawaona: nyundo juu ya bati, mamia kwa pamoja. Hapa mapipa ya mafuta hupasuliwa, hukunjuliwa, hupigwa hadi yanyooke, kisha huwa jiko, karai, toroli au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Tazama kona ya sanduku inavyokunjwa: fundi anakata pembe kwa mkasi wa bati, anapinda ukingo mara mbili ili usimkate mtoto mkono, anagonga juu ya kipande cha reli kuukuu. Ndiyo, reli. Vipande vya reli vilivyochakaa ni fuawe nzuri kuliko ile ya dukani. Wengine hutuuliza jua kali linahusiana vipi na majengo ya kale. Kwetu sisi hicho ni kiwanda, hakina tu ukuta wala paa la maana, na ujuzi wake umeshuka moja kwa moja kutoka karakana za reli na nyumba za Shauri Moyo zilizo jirani.

Uwanja wa Kamukunji wenyewe tunaupita tukikumbuka Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, mkutano wa kudai vyama vingi ulipopigwa marufuku na watu wakaenda vilevile. Tunamalizia Kaloleni.

Kaloleni si nyumba za kanjo (halmashauri ya jiji) tu?

Ni nyumba za kanjo, na ndiyo sababu tunakwenda. Kufikia miaka ya 1940 utawala ulikuwa umeanza kukubali shingo upande kwamba mfanyakazi wa viwandani ana familia. Kaloleni ilijengwa muongo huo kwa mpangilio wa duara: nyumba ndogo za mawe zenye vigae, nafasi za miti na bustani kati yake, na katikati ukumbi wa kijamii, kliniki na maktaba. Wazee wa mtaa husimulia kwamba mateka wa vita wa Italia walikuwa miongoni mwa waliojenga. Miti sasa imekuwa mikubwa, na vibanda vya mabati vimejaza nafasi nyingi zilizoachwa wazi, lakini ukisimama mbele ya ukumbi bado unaona njia zikikutana kama mchoraji alivyotaka.

Ukumbi huo una uzito wake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU (Kenya African Union) na East African Indian National Congress, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama humo akatoa azimio la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na mwenzake Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Hapo ni mahali ambapo mwana wa fundi wa Kihindi na wafanyakazi Waafrika walidai kitu kimoja chini ya paa moja, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Machi 1950, Nairobi ilikuwa imesherehekea kupewa hadhi ya jiji. Ukumbi hauna nguzo za granite. Ukitulazimisha kuchagua kati yake na simba wa McMillan, tutachagua ukumbi, na tuko tayari kubishana.

Maktaba ya Kaloleni ni tawi la McMillan na imekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Tukiikuta wazi tunaingia. Huwa imejaa watoto, kwa hiyo tunazungumza kwa kunong'ona.

Hamwoni kwamba mnatukuza ukoloni?

Swali hili hutoka kwa vijana zaidi, na ni zuri. Majengo mengi ya njia ya kwanza yalijengwa kumwonyesha Mwafrika nani mwenye mji. Jengo la mahakama kuu lilichorwa na ofisi ya Herbert Baker, yuleyule aliyechora majumba ya serikali ya Pretoria, na lengo la nguzo zile halikuwa kukukaribisha. Kuyabomoa au kuyanyamazia hakutabadilisha hilo. Tunachofanya ni kusema kila mahali nani alilipa, nani alibeba mawe, nani aliruhusiwa kuingia, na nini kilitokea mlangoni.

Tukiwa na muda tunafika pia upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na Hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Mwezi Machi 1922 umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi cha hapo ukidai Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakaripia wanaume kwa kusitasita, umati ukasonga, risasi zikapigwa. Naye akauawa pamoja na wengine. Hoteli ina kibao na historia ndefu ya wageni mashuhuri. Muthoni tunamsimulia sisi tukiwa tumesimama kando ya barabara.

Kwa hiyo kila kitu ni cha Waingereza na Wahindi? Kazi ya wasanifu Waafrika iko wapi?

KICC, jumba la mikutano ya kimataifa. Ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na David Mutiso, msanifu mkuu wa kwanza Mwafrika wa serikali, na ikakamilika 1973: ghorofa 28, mita 105, na kando yake ukumbi wenye paa la umbo la pia. Hatuihesabu kama jengo la kale lakini tunaisimamia kila mara. Ukitaka mwanamke, ingawa yeye hakuwa Mwafrika, Basilika la Familia Takatifu hatua chache kutoka hapo lilichorwa na Dorothy Hughes. Na usisahau kwamba nyumba za udongo na paa za madebe za Pumwani zilichorwa na wenyewe waliozijenga, tangu miaka ya 1920, vyumba vikipangwa pande mbili za ukumbi kama nyumba za pwani.

Je, sheria inayalinda majengo haya?

Baadhi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa urithi wa kitaifa unaolindwa kupitia Gazeti Rasmi la serikali, na likishatangazwa mwenyewe hawezi kulibomoa au kulibadilisha apendavyo. Maktaba ya McMillan ina hata sheria yake ya pekee, tangu miaka ya 1930. Lakini jengo ambalo halijatangazwa linaweza kuzungushiwa mabati Ijumaa na Jumatatu ukakuta kifusi. Nyumba za wafanyakazi ndizo zenye ulinzi mdogo kuliko zote, kwa kuwa zimekaa juu ya ardhi ya thamani na hakuna anayeziona kuwa nzuri.

Nimesikia habari za Railway City. Stesheni ya zamani itabaki?

Mpango wa kujenga upya eneo lote la stesheni kuu na ardhi ya reli upo na ulizinduliwa mwaka 2022. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa, ianze mwaka 2017, abiria wa Mombasa hushukia Syokimau, na stesheni ya zamani imebaki zaidi na treni za mitaani. Ushauri wetu ni mfupi: njoo uione sasa, ukiwa na kamera.

Ni salama?

Ndiyo, ukitembea na kundi na ukasikiliza. Tunaanza saa mbili asubuhi, kabla jua halijakolea na kabla barabara hazijajaa. Simu ndiyo shida kubwa: usiishike ukiwa ukingoni mwa barabara. Ukitaka kusoma ujumbe, ingia kibarazani, mgongo ukutani. Dhahabu acha nyumbani. Kamukunji na Kaloleni tunafuatana na wenyeji wa mtaa wanaolipwa kwa kazi hiyo, na hatupiti bila kuwasalimu wazee waliokaa nje.

Ninaruhusiwa kupiga picha?

Barabarani na usoni mwa majengo mengi, ndiyo. Bunge, mahakama, vituo vya polisi na ofisi zenye ulinzi, hapana, hata kama unamwona mtalii akipiga. Soja akikukataza, usibishane naye kuhusu katiba; hajui na si kosa lake. Mpe mwongozaji nafasi azungumze. Ukija na kamera kubwa, taa na stendi yake, utahitaji kibali, tuarifu mapema.

Watu ni jambo jingine. Fundi wa Kamukunji umwombe kwanza: “Fundi, nikupige picha kidogo?” Wengi hukubali. Akikataa, weka kamera chini. Nyumba za watu za Muthurwa na Kaloleni hazipigwi picha madirishani.

Tunaingia ndani ya majengo?

Mengine. Makumbusho ya Reli na Nairobi Gallery zina ada, na za taasisi za serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo uwe na simu yenye chaji. City Market ni bure. Msikitini tunaingia kwa ruhusa tu, nje ya nyakati za swala. Vua viatu, na akina mama mje na mtandio. Matembezi ya Jumapili yana barabara tulivu lakini ofisi nyingi zimefungwa. Ya katikati ya wiki ni kinyume chake. Chagua unachokipenda.

Bei ni ngapi?

Inategemea idadi yenu, njia mliyochagua na ada za kuingia, kwa hiyo tunakutumia hesabu kamili kabla hujalipa. Wanafunzi hulipa pungufu. Malipo ni kwa M-Pesa. Ukiona mtu anakuomba pesa taslimu njiani kwa jina letu, mkatalie.

Ni umbali gani, na mzee wangu ataweza?

Njia ya mjini kati huchukua kama saa tatu pamoja na kusimama. Mwinuko ni mdogo, lakini vijia vina mashimo na baadhi ya ngazi hazina pa kushikilia. Kwa kiti cha magurudumu, kipande cha Kenyatta Avenue hadi McMillan kinapitika vizuri. Biashara Street wakati wa mizigo hakipitiki. Tuambie mapema, tutakata njia kulingana na mgeni. Njia ya Eastlands ni ndefu zaidi, na mvua ikinyesha huwa ya matope.

Mvua ikinyesha?

Mjini kati tunaendelea, vibaraza vilivyofunikwa vilijengwa kwa ajili hiyo. Eastlands tunaahirisha.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vilivyozibwa, koti jepesi (Julai asubuhi ni baridi kweli), maji, na sarafu za choo cha kulipia. Nguo nyeupe na injini za mvuke hazipatani.

Lugha gani?

Kiswahili au Kiingereza. Makundi ya shule za Eastlands huishia kwenye Sheng, na hapo mara nyingi wanafunzi ndio wanaotufundisha.

Kuna chakula?

Njia ya kwanza, chai na mandazi kabla ya Jeevanjee. Ya pili, tunakula Kaloleni kwa mama mmoja mwenye kibanda, ugali, sukuma na nyama au maharagwe. Kila mtu anajilipia.

Babu yangu alikuwa dereva wa treni na tuna picha zake. Mnazitaka?

Tunazitaka sana. Hata barua ya kuajiriwa, filimbi, beji ya kofia, au jina tu la mtaa na namba ya chumba alichopewa Muthurwa au Makongeni. Magazeti ya zamani yamejaa magavana wakikata utepe. Fundi wa kutengeneza breki au mwanamke aliyeuza uji nje ya lango la karakana haonekani. Leteni nakala au piga picha kwa simu. Ile ya asili ibaki nyumbani, na nyuma yake andikeni kwa penseli majina ya waliomo kabla anayewajua hajasahau.